Benjamin Franklin: Mchapishaji aliyebeba ndoo ya moto kabla ya kuanzisha bima

Wengi wetu tunamfahamu Benjamin Franklin kwa sura yake iliyopo kwenye noti ya dola 100 ya Marekani. Wengine walimsikia shuleni, kwenye somo la fizikia, kama yule mzee aliyerusha tiara kwenye radi. Wachache wanajua kuwa mtu huyu alianza maisha kama fundi mdogo mwenye madeni, akawa mfanyabiashara, na akaanzisha vitu viwili ambavyo mkulima na mchuuzi wa leo bado anavihitaji: kikosi cha majirani wa kujitolea kuzima moto, na ushirika wa bima ya nyumba.

Katika makala haya nitasimulia maisha yake kwa upande huo wa duka na ujirani. Upande wa siasa nitaupitia haraka, kwa kuwa umeandikwa sana.

Franklin alizaliwa Boston tarehe 17 Januari, 1706. Baba yake, Josiah, alikuwa akitengeneza mishumaa na sabuni kwa mafuta ya wanyama. Benjamin alikuwa mtoto wa 15 kati ya 17, na kwa familia ya namna hiyo shule ilikuwa anasa. Alisoma miaka miwili tu. Akiwa na miaka 10 alikuwa tayari anakata tambi za mishumaa dukani kwa baba, na akiwa na miaka 12 aliwekwa chini ya kaka yake James kujifunza uchapishaji. Walipigana na kugombana, na mwaka 1723, akiwa na miaka 17, kijana akatoroka. Alifika Philadelphia akiwa mchovu, mchafu na mwenye fedha kidogo sana mfukoni. Alinunua mikate mitatu, akala mmoja akitembea barabarani.

Mwaka 1728 alifungua kiwanda chake cha uchapaji akiwa na mbia, Hugh Meredith. Mtaji ulitoka kwa baba wa mbia, na baba huyo akashindwa kutoa sehemu iliyobaki. Wadai wakaenda mahakamani. Kilichomwokoa Franklin ni marafiki wawili waliokuja, kila mmoja kwa wakati wake bila mwenzake kujua, wakajitolea kumkopesha. Alimnunua mbia akabaki peke yake. Tangu hapo alijitahidi sana aonekane mchapakazi: akinunua karatasi, aliisukuma mwenyewe kwa toroli mitaani ili wadai wake wamwone. Wafanyabiashara wetu wa sokoni wanaijua mbinu hiyo vizuri.

Marafiki wale hawakutoka hewani. Mwaka 1727 Franklin alikuwa ameanzisha kikundi cha mafundi na wafanyabiashara wadogo kilichoitwa Junto, kilichokutana kila Ijumaa jioni. Walijadili vitabu, lakini pia walijadili nani amefilisika na kwa sababu gani, nani anafanikiwa, na nini kinaweza kufanyika kwa faida ya mji. Ukiangalia vizuri utaona ni kama vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, isipokuwa kwamba wao walichangia zaidi mawazo kuliko fedha. Maktaba ya kuazima vitabu waliyoifungua mwaka 1731 ilizaliwa humo. Suala la moto nalo lilipita humo.

Philadelphia ya wakati huo ilikuwa na nyumba zilizobanana, jiko la kuni ndani ya kila nyumba, na maghala ya bidhaa kando ya mto Delaware. Mwaka 1730 moto ulizuka kwenye gati, ukateketeza maghala na nyumba za jirani, na hasara ikafikia maelfu ya pauni. Mji haukuwa na vifaa vya maana. Watu walikimbia na ndoo, kila mmoja akifanya lake, na wezi nao wakafanya lao. Mfanyabiashara aliyepoteza ghala usiku ule hakuwa na mahali pa kudai. Alibaki kutegemea huruma ya majirani, na huruma haina kiwango kinachojulikana.

Februari 1735 Franklin aliandika kwenye gazeti lake, Pennsylvania Gazette, barua aliyojifanya imetoka kwa mzee mmoja wa mji. Alieleza mambo madogo madogo: watu wasihamishe makaa ya moto kutoka chumba hadi chumba kwenye koleo lisilofunikwa, na mabomba ya moshi yasafishwe. Kisha akapendekeza mji uwe na watu waliojipanga mapema, kila mmoja akijua kazi yake.

Tarehe 7 Desemba, 1736, kikosi cha Union Fire Company kiliundwa. Hakikuwa cha serikali. Hakuna aliyelipwa. Kila mwanachama alinunua kwa fedha zake ndoo za ngozi za kubebea maji na mifuko ya kitani imara ya kuokolea vitu, akaviweka tayari nyumbani. Moto ukilia, wengine walipeleka maji, wengine waliingia ndani kutoa mali, na wengine walisimama mlangoni kuzuia wezi. Walikutana mara moja kwa mwezi. Asiyefika alitozwa faini, na faini hizo zilinunua ngazi, kulabu na mashine za kusukuma maji.

Kikosi kilikuwa na kikomo cha wanachama 30. Wengine walipotaka kujiunga waliambiwa waunde chao, na wakaunda. Ndani ya miaka michache mji ulikuwa na vikosi kadhaa, na sehemu kubwa ya wenye mali walikuwa ndani ya kimojawapo. Binafsi naona hapa ndipo penye akili kubwa kuliko yote. Angekubali kila mtu aingie, angepata kundi la watu 300 ambao hakuna anayejua zamu yake. Nimeona vyama vya wakulima vikifa kwa kosa hilo hilo.

Hata hivyo, ndoo ina mwisho wake. Inaweza kuokoa nyumba ya tatu na ya nne, lakini nyumba ambayo moto umeanzia mara nyingi huwa imekwisha. Aliyeunguliwa anahitaji fedha za kujenga upya, na anazihitaji sasa.

Kulikuwa na mfano wa kuogopesha. Mjini Charleston, kusini, kundi la wenye nyumba lilianzisha chama cha bima ya moto katikati ya miaka ya 1730. Novemba 1740 moto mkubwa ukateketeza sehemu kubwa ya mji, na chama kikafa pamoja na nyumba zilizokuwa ndani yake. Waliokuwa wamekata bima walikuwa wakiishi sehemu moja, na moto mmoja uliwapata kwa pamoja. Fungu halikutosha. Mkulima wa mahindi ataelewa haraka: kama kikundi chenu chote kiko kwenye bonde moja, mafuriko yatawakuta wote siku moja, na hakutakuwa na wa kumchangia mwenzake.

Franklin na wenzake wa vikosi vya moto waliangalia chama kingine kilichofanikiwa, kilichokuwa London tangu 1696, ambacho nembo yake ilikuwa mikono iliyoshikana. Mwaka 1752 wakaanzisha Philadelphia Contributionship, ushirika wa kukingana nyumba na hasara ya moto. Mkataba ulitiwa saini Machi, na Aprili Franklin akachaguliwa kuwa mmoja wa wakurugenzi.

Tazama ulivyofanya kazi, maana ndani yake kuna karibu kila kitu unachokikuta leo kwenye hati yako ya bima. Mwenye nyumba aliweka amana kwa miaka saba. Fedha hizo zilikopeshwa kwa riba, na riba ikaingia kwenye fungu la kulipia hasara. Miaka saba ikiisha, alirudishiwa amana yake baada ya kukatwa sehemu yake ya hasara zilizotokea. Kabla ya kukubaliwa, mkaguzi alikwenda kuangalia nyumba: kuta ni za nini, jiko liko wapi, jirani anafanya kazi gani. Mwenye nyumba ya hatari zaidi alilipa zaidi, na nyumba zisizokaguliwa hazikuingia. Eneo lilikuwa na mpaka, maili 10 kutoka mjini, ili wakaguzi waweze kufika. Mwaka wa kwanza walikata bima nyumba 143 na hakuna hata moja iliyoungua.

Wakurugenzi nao hawakulipwa mshahara. Aliyechelewa kikaoni alitozwa faini, na baadaye fedha za faini zilitumika kununua mawe ya kuonyesha maili kwenye barabara ya kwenda Trenton. Nasema hivi kwa wale wanaodhani kujitolea ni kazi ya wasio na shughuli. Watu hawa walikuwa na maduka.

Mwaka huo huo wa 1752 ndio wa tiara na radi. Kwa mfanyabiashara, matunda ya jaribio lile ni fimbo ya chuma inayoelekeza radi ardhini, kitu kinachopunguza hasara kabla haijafika kwa mlipa fidia. Franklin hakuchukua hakimiliki ya kifaa hicho, kama ambavyo alikuwa amekataa kuchukua hakimiliki ya jiko lake la chuma miaka ya 1740. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu alikuwa na pa kula: mwaka 1748, akiwa na miaka 42, alimwachia kiwanda mbia wake David Hall, na mbia akaendelea kumlipa sehemu ya faida kwa miaka 18.

Sasa nifike kwenye tukio ambalo karibu limfilisi mtu huyu, nalo linahusu magari.

Mwaka 1755 Uingereza na Ufaransa zilikuwa zikigombea mabonde ya magharibi ya Pennsylvania. Jenerali Edward Braddock aliletwa na jeshi kuwaondoa Wafaransa kwenye ngome yao, lakini alipotafuta magari ya farasi ya kubebea chakula na risasi alipata 25 tu, na mengine yalikuwa mabovu. Alihitaji 150. Franklin alifika kambini kwa shughuli za posta, akasema ni bahati mbaya jeshi halikushukia Pennsylvania, ambako karibu kila mkulima ana gari lake. Jenerali akamtupia kazi hapo hapo.

Franklin alitangaza masharti, na kama mchumi nakiri kuwa yaliandikwa vizuri. Gari lenye farasi wanne wazuri na dereva, shilingi 15 kwa siku. Malipo ya siku saba yanatangulia. Kila gari na kila farasi atathaminiwa na watu wasioegemea upande wowote kabla ya kuondoka, na likipotea au farasi akifa kazini, mwenye mali atalipwa thamani ile ile. Katika muda wa wiki mbili magari 150 na farasi 259 wa kubeba mizigo walikuwa njiani.

Lakini wakulima walikuwa na swali moja. Walisema hawamjui Braddock, na hawajui ahadi yake ina uzito gani. Wakataka Franklin mwenyewe aweke dhamana. Akaiweka, kwa jina lake.

Wakati jeshi liko njiani, madaktari wawili ndugu, mmoja wao Thomas Bond ambaye alikuwa ameshirikiana na Franklin kuanzisha hospitali ya mji mwaka 1751, walipita na karatasi ya michango ya fataki za kusherehekea ushindi. Franklin akawashauri wangoje kwanza habari zije. Zikaja. Tarehe 9 Julai, 1755, jeshi lilivamiwa karibu na mto Monongahela likasambaratishwa. Braddock alijeruhiwa akafa. Wale waendesha magari wengi walikata kamba, wakachukua farasi mmoja kila mtu, wakakimbia, na magari yakaachwa.

Wakulima wakaja mlangoni kwa Franklin na karatasi zao za tathmini. Madai yote yalikaribia pauni 20,000, fedha ambazo zingemmaliza kabisa. Aliwaambia fedha zipo kwa mlipaji wa jeshi, lakini lazima kwanza ije amri ya Jenerali William Shirley, aliyeshika nafasi ya Braddock. Baadhi hawakusubiri, wakaanza kumshtaki. Hatimaye Shirley aliteua watu wa kuchunguza madai na akaamuru yalipwe. Franklin alipumua.

Wakulima wale walifanya mambo mawili ambayo wengi wetu hatuyafanyi. Walihakikisha thamani imeandikwa kabla ya safari, na waliuliza nani hasa atalipa. Upande wa Franklin kosa liko wazi: mtu mmoja alibeba hatari ya magari 150 bila fungu lolote nyuma yake, wakati miaka mitatu tu nyuma alikuwa ameonyesha mji mzima jinsi hatari inavyogawanywa. Alikuwa na haraka, na aliyemwomba alikuwa jenerali.

Nilijifunza hili kwa pikapu. Nilinunua ya mtumba, nikakata bima kubwa, yaani ile inayolipa hata gari langu mwenyewe, nikaandikisha kuwa ni la matumizi binafsi kwa kuwa ada yake ni ndogo. Msimu wa vitunguu ulipofika nikaanza kubebea wenzangu mizigo kwa malipo. Gari likapinduka na mzigo wa kukodiwa. Kampuni ikasoma hati, ikaangalia mzigo, ikakataa. Nilikasirika mwezi mzima, kisha nikaisoma hati mwenyewe nikakuta imeandikwa. Magari ya akina Franklin yaliandikwa wazi kuwa yanakwenda vitani. Langu niliandika linakwenda kanisani na sokoni.

Wenye bima ndogo, ile ya lazima kisheria, nao waelewe kinga yao iko wapi. Inamlipa mtu wa tatu uliyemuumiza, si wewe na si gari lako. Stika kwenye kioo haitengenezi bampa lako. Aidha, stika yenyewe ihakikiwe, na kwa hapa Tanzania Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa kuangalia kama ni halali. Hilo ndilo swali la wakulima wa mwaka 1755: nani yuko nyuma ya karatasi hii?

Na mwenye duka asipunguze thamani ili ada ishuke. Ukiwa na bidhaa za shilingi milioni 20 ukaandikisha milioni 10, ukaunguliwa bidhaa za milioni 6, kwa mikataba mingi utalipwa milioni 3. Kampuni inakuhesabu kuwa nusu nyingine ulijikingia mwenyewe.

Tukirudi kwa Franklin, miaka iliyofuata alikaa sana nje. Aliishi London karibu miaka 15 kwa vipindi viwili, akashiriki kuandika Azimio la Uhuru mwaka 1776, akaenda Ufaransa kutafuta msaada wa vita, akarudi 1785, na mwaka 1787 akakaa kwenye mkutano wa katiba. Hakuwa malaika. Alimiliki watumwa na gazeti lake lilichapisha matangazo ya kuwauza. Uzeeni aligeuka, akawa rais wa chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania mwaka 1787, na Februari 1790 akasaini ombi kwa Bunge la kuukomesha. Bunge halikulitekeleza.

Akiwa Ufaransa, ushirika wake wa bima uliingia kwenye mgogoro wa miti. Miti ya kivuli mbele ya nyumba ilizuia mashine za maji, na mwaka 1781 wanachama wakaamua nyumba yenye mti mbele haitakingwa. Wenye miti walikasirika. Mwaka 1784 wakaanzisha kampuni yao, Mutual Assurance, wakaweka mti wa kijani kuwa nembo. Walilipa zaidi kwa ajili ya mti, lakini walibaki nao. Kampuni inayokataa hatari ya namna fulani humfungulia mlango mwingine, na wakulima wa Illinois walilithibitisha hilo mwaka 1922: George Mecherle, mkulima mstaafu, aliona wakulima wanalipishwa bima ya gari sawa na watu wa mjini ilhali ajali zao ni chache, akaanzisha kampuni ya wanachama iitwayo State Farm.

Franklin alifariki tarehe 17 Aprili, 1790, akiwa na miaka 84. Kwenye wosia aliwaachia Boston na Philadelphia pauni 1,000 kila mji, zikopeshwe kwa mafundi vijana kwa riba ya asilimia 5, kila mkopaji akiwa na wadhamini wawili, kwa muda wa miaka 200. Mwaka 1990 mafungu hayo yalifungwa yakiwa na mamilioni ya dola. Ushirika wa 1752 nao bado unakata bima hadi leo, na kwenye kuta za nyumba za zamani za Philadelphia bado unaona ile alama ya mikono minne iliyoshikana.

Nyumba yake yeye ilibomolewa mwaka 1812. Wataalamu walipotaka kujua ilikuwaje, hawakupata picha yake. Walichopata ni barua za familia, misingi iliyofukiwa ardhini, na ripoti ya mkaguzi wa bima wa Contributionship ya mwaka 1766, aliyeandika unene wa kuta, vyumba na ngazi, ili nyumba ikiungua ijulikane inalipwa kiasi gani.